Somo la 19: Motokaa ya Kila Siku Yenye Tabo na Gia Otomatiki

(Maneno haya yalisemwa redioni. Yamepigwa chapa ili mwanafunzi ayasome tena polepole, akiwa nyumbani au pamoja na wenzake darasani.)

Leo tunasoma habari za ufundi wa motokaa. Chukua daftari na kalamu ya risasi, maana katika somo hili mna hesabu kidogo.

Tuseme wewe una motokaa. Si motokaa ya kuonyeshwa watu siku ya Jumapili. Ni motokaa ya kazi. Asubuhi inawapeleka watoto shule, kisha inakupeleka wewe kazini. Jioni inarudi na unga na sukuma wiki. Mwisho wa mwezi inakufikisha kwa wazee mashambani. Ikilala gereji siku tatu, siku hizo tatu wewe unapanga foleni ya matatu, na nauli inatoka mfukoni mwako.

Sasa unataka kuiongezea nguvu, kidogo kidogo, kwa kadiri ya mshahara wako. Hilo si kosa. Lakini uanzie wapi, ili kesho asubuhi motokaa iwake na ikufikishe?

Watu wengi, hasa vijana, huanzia kwenye nguvu yenyewe. Hununua tabo kubwa na bomba pana la moshi, na motokaa hunguruma hata jirani akaamka. Mimi nasema nguvu ije mwisho. Anza na giaboksi na mambo ya kupoza joto. Sababu zake utaziona hatua kwa hatua.

Tuchukue motokaa moja tu, tuijue vizuri. Ni Subaru Forester. Ukisimama kando ya barabara yoyote ya Nairobi utaziona nyingi. Forester za kwanza ziliuzwa mwaka 1997. Namna ya pili ilianza mwaka 2002, na miongoni mwa hizo imo ile iitwayo XT. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina injini ya lita 2 yenye tabo, nguvu za farasi 220, na nyingi kati yake zina giaboksi otomatiki ya gia 4. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyopita miaka 8 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo Forester hizi za XT ni zile zilizokwisha fika zamani, nazo hupita kutoka mkono hadi mkono. Unayoinunua leo imekwisha kuwa na wenyewe kadhaa kabla yako. Likumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Tabo ni nini? Injini hula vitu viwili, petroli na hewa. Petroli ni rahisi kuongeza, bomba na pampu zatosha. Hewa ndiyo ngumu, kwa kuwa pistoni huvuta hewa kiasi cha nafasi iliyopo, basi. Ukitaka hewa zaidi ni lazima uishindilie ndani, kama mtu anavyoshindilia pamba guniani.

Kazi hiyo hufanywa na tabo. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapezi, yamefungwa kwenye ufito mmoja. Moshi unaotoka injini una joto na mwendo wa kasi. Katika motokaa ya kawaida moshi huo hupotea bure. Katika motokaa ya tabo hupita kwanza kwenye gurudumu moja na kulizungusha. Gurudumu la pili nalo huzunguka, kwa kuwa ufito ni mmoja, na hilo ndilo linaloshindilia hewa injini. Mwendo wake ni wa ajabu. Huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika moja. Ufito wenyewe hauelei juu ya kitu kingine ila utando mwembamba wa mafuta ya injini. Mafuta yakipungua au yakichafuka, tabo ndiyo ya kwanza kulia.

Jambo hili si jipya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Motokaa za watu binafsi zenye tabo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1962. Tangu wakati huo ufundi umeendelea, lakini magurudumu mawili na ufito mmoja ni yale yale.

Sasa hesabu. Hewa ina uzito, nayo hutusukuma pande zote. Mafundi hupima msukumo huo kwa kipimo kiitwacho baa. (Si baa ya kunywea pombe, msicheke.) Pale Mombasa, kando ya bahari, msukumo wa hewa ni karibu baa 1. Nairobi iko juu, kiasi cha meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi zaidi. Msukumo ni karibu 0.83. Yaani injini isiyo na tabo ikizoea kupata shilingi moja ya hewa Mombasa, Nairobi hulipwa senti 83 tu. Ndiyo sababu watu wa bara hupenda tabo. Si majivuno peke yake.

Tuseme fundi ametega tabo yako iongeze 0.8 juu ya hewa ya mahali ulipo. Andika daftarini: Nairobi, 0.83 na 0.8, jumla ni 1.63. Kisha andika: Mombasa, 1 na 0.8, jumla ni 1.8. Toa moja katika nyingine. Tofauti ni 0.17, nayo ni kama sehemu moja katika kumi ya ile 1.63. Bila mtu kugusa kitu, injini yako imeongezewa sehemu moja katika kumi ya hewa kwa kuteremka pwani tu. Na joto la pwani unalijua. Sasa fikiri juu ya motokaa iliyotegwa Nairobi hadi mwisho kabisa wa uwezo wake, halafu ikaenda safari ya kilomita 480 hivi na mizigo na watoto. Injini iliyokuwa salama Ngong Road yaweza kutoboka pistoni ikifika Mariakani. Fundi mwema huacha nafasi. Muulize kabla hajaanza kazi: "Fundi, umeacha nafasi ya pwani?" Akikushangaa, tafuta fundi mwingine.

Hayo ni ya tabo. Tuje kwenye giaboksi, na hapa tutakaa.

Katika gia ya mkono, mguu wako hukanyaga klachi na mkono hubadili. Katika otomatiki, kazi hiyo hufanywa na mafuta. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kilichojaa mafuta mekundu. Mafundi hukiita toki konveta. Kujua kazi yake, chukua feni mbili, uzielekeze uso kwa uso. Washa moja. Upepo wake utaizungusha ile ya pili, ingawa haina umeme. Ndani ya konveta mna feni mbili za namna hiyo, ila badala ya upepo ni mafuta. Injini huzungusha ya kwanza, nayo husukuma mafuta yaizungushe ya pili iliyounganishwa na giaboksi. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye taa nyekundu, gia ikiwa ndani, na injini isizimike.

Lakini feni ya pili haiwezi kufuata ya kwanza sawasawa. Daima huchelewa kidogo, na kule kuchelewa ni msuguano, na msuguano ni joto. Motokaa ikipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru nyuma ya lori la saruji, ikianza na kusimama, ikianza na kusimama, mafuta yale huchemka polepole bila wewe kujua.

Nyuma ya konveta kuna klachi zenyewe. Si moja kubwa, bali mafungu ya sahani nyembamba, sahani ya chuma na sahani yenye nguo ya msuguano, zikifuatana. Mafuta yakisukumwa kwa nguvu hubana sahani, na gia huingia. Yakiachiwa, gia hutoka. Anayeamua mafuta yaende wapi ni kisanduku cha vali. Ni bamba la madini lenye vijia vingi kama mashimo ya mchwa, na kompyuta ya motokaa hukifungulia na kukifungia milango.

Sasa uone hatari iko wapi. Giaboksi hii ilipangwa kwa nguvu za farasi 220, ilipokuwa mpya. Sahani zake sasa zina miaka karibu ishirini au zaidi. Ukiongeza nguvu ya injini, sahani huanza kuteleza. Kuteleza huleta joto. Joto huchoma mafuta. Mafuta yaliyoungua hayabani vizuri, basi sahani huteleza zaidi. Mzunguko huo ukianza hautengenezwi kwa maombi. Siku moja unakanyaga, injini inanguruma, motokaa haiendi.

Yafaa mafuta ya giaboksi yabaki kati ya digrii 80 na 95 hivi za sentigredi. Yakipita 120 huanza kuharibika upesi. Na mwenye motokaa hawezi kujua kwa kukisia. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua, kabla ya jambo lolote la nguvu, ni geji ya joto la mafuta ya giaboksi. Ni kitu kidogo, nacho kina faida kuliko bomba la moshi linalong'aa.

Cha pili ni rejeta ndogo ya mafuta. Hufungwa mbele, penye upepo. Motokaa hii tayari hupoza mafuta ya gia ndani ya rejeta ya maji. Usiiondoe njia hiyo. Mafuta yapite kwanza kwenye rejeta ya maji, kisha kwenye hiyo ndogo, ndipo yarudi. Tumia mipira iliyotengenezwa kwa mafuta ya moto, si mpira wowote uliookotwa chini ya meza. Mpira mmoja ukipasuka njiani, mafuta yote yatamwagika, na giaboksi isiyo na mafuta huharibika kabla hujapata mahali pa kuegesha.

Cha tatu ni kufungua giaboksi yenyewe. Hapa fedha hutoka. Sahani za msuguano hubadilishwa, zikawekwa ngumu zaidi, na mipira yote ya kuzuia mafuta huwa mipya. Kisanduku cha vali hurekebishwa ili msukumo wa mafuta uwe mkubwa na sahani zibane upesi pasipo kuteleza. Ukiendesha utasikia gia inaingia kwa kishindo kidogo. Kishindo kidogo ni kizuri. Kishindo cha kumwamsha mtoto aliyelala kiti cha nyuma ni kikubwa mno, mwambie fundi apunguze. Toki konveta nayo huweza kuimarishwa wakati huo huo, kwa kuwa giaboksi imekwisha shushwa. Kushusha mara mbili ni kulipa mara mbili.

Utasikia watu wakikuambia, "Tupa otomatiki hiyo, weka gia ya mkono." Kwa mashindano, labda. Kwa mtu anayekaa foleni ya Jogoo Road asubuhi na jioni, sikubaliani nao. Mguu wa kushoto una haki ya kupumzika. Tena kubadili namna ya giaboksi katika motokaa inayovuta magurudumu yote manne hutaka vipande vingi na nyaya nyingi, na kila waya ni mahali pa kukwama.

Kwa kuwa nimetaja magurudumu manne, sikiliza hili. Ndani ya giaboksi ya Forester otomatiki kuna klachi nyingine inayopeleka nguvu nyuma. Ukifunga matairi mawili mapya na mawili yaliyokwisha, magurudumu hayazunguki sawa, na klachi hiyo huteleza siku nzima hata barabara ikiwa nyoofu. Baadaye, ukikata kona kali, motokaa hushikilia kama imepigwa breki. Matairi manne yawe ya kipimo kimoja, namna moja, na yalike sawasawa. Usidanganywe na bei ya tairi moja la mtumba.

Na la pili, hili limewagharimu watu wengi. Chini ya motokaa hii nati za kumwagia mafuta ziko karibu karibu. Kuna ya mafuta ya injini, kuna ya mafuta ya giaboksi. Tena difu ya mbele, ingawa imo katika kasha moja na giaboksi, ina mafuta yake peke yake na kijiti chake cha kupimia. Kijana wa gereji mwenye haraka hufungua nati isiyo yake, akamwaga mafuta mekundu ya gia, kisha akajaza injini mafuta juu ya mafuta. Injini imejaa kupita kiasi, na giaboksi haina kitu. Simama hapo, utazame rangi ya kinachotoka. Mafuta ya injini yaliyotumika huwa meusi. Mafuta ya giaboksi yenye afya huwa mekundu na hayanuki kuungua. Yakiwa ya kahawia na yananuka, umekwisha pata habari mbaya, lakini umeipata mapema.

Kupima mafuta ya giaboksi si kama kupima ya injini. Egesha mahali tambarare. Injini iwe inawaka na mafuta yamepata moto. Kanyaga breki, pitisha gia katika kila nafasi, rudisha kwenye P, ndipo utoe kijiti.

Baada ya giaboksi, injini. Ilikwisha kuwa na wenyewe wengine, kama nilivyosema, na hujui waliitendea nini. Pima kompresheni ya silinda zote nne. Zikitofautiana sana, usiongeze nguvu hata kidogo, tengeneza kwanza. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama huna karatasi ya kuthibitisha, hesabu kwamba haujabadilishwa. Katika injini hii pistoni zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, zikirushiana ngumi kama wanamasumbwi, nayo huweza kula mafuta kidogo kidogo bila kutoa moshi wa kuonekana. Tazama kijiti cha mafuta kila wiki.

Kisha petroli. Motokaa hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo namba yake ya okteni hufika karibu 100. Petroli ya kawaida ya hapa ina namba ya chini. Petroli ya namba ya chini, ikishindiliwa na hewa moto, hulipuka kabla ya wakati wake. Utasikia sauti kama kokoto ndani ya debe. Sauti hiyo ni pistoni zinapigwa nyundo. Fundi wa kompyuta aipange motokaa yako kwa petroli utakayoinunua kila wiki, si kwa petroli aliyokuja nayo kwenye mtungi siku ya kupima.

Je, tuongeze nguvu kiasi gani? Mimi kwa motokaa hii ningeishia kama farasi 250, na tabo ile ile iliyokuja nayo. Ni 30 tu juu ya 220. Utacheka, lakini 30 zinazokuwapo kila asubuhi ni bora kuliko 150 zinazolala gereji. Kwa hizo yatosha bomba la moshi lisilobana, rejeta ya hewa isiyovuja, pampu ya petroli nzima na upangaji mwema wa kompyuta.

Ukiniuliza juu ya fedha, zigawe mafungu kumi. Manne giaboksi na upoozaji wake. Mawili afya ya injini. Mawili breki na matairi, kwa maana motokaa inayokimbia isiposimama ni jeneza. Moja geji na kompyuta. Moja liwe akiba, nawe usiliguse, hata rafiki akikuonyesha rimu nzuri kule Kirinyaga Road. Mwenye bima naye aarifiwe kwa maandishi. Usipomwarifu, siku ya ajali anaweza kukataa kulipa. Na mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa motokaa ndogo katika barabara kuu za Kenya ni kilomita 110 kwa saa, uwe na farasi 220 au 250.

Motokaa ikitoka gereji, usiikimbize. Wiki mbili za kwanza iendeshe kwa upole, na uweke daftari ndani yake. Andika tarehe, kilomita, joto la mafuta ya gia ulipofika kazini, joto lake ulipomaliza kupanda mlima, na kiasi cha mafuta ya injini uliyoongeza. Maneno matano na namba nne zatosha. Fundi akikuambia "hiyo ni kawaida tu", fungua daftari umwonyeshe kwamba Jumatatu ilikuwa digrii 88, na Ijumaa, kwa njia ile ile, ni 104. Wewe uliyejifunza kuandika mwaka huu utakuwa umemshika kwa ushahidi, naye atainama chini ya motokaa atazame tena.

Kazi ya nyumbani ni hii. Nakuru nayo iko juu, na tuseme msukumo wa hewa yake ni 0.81. Tabo inaongeza 0.8 vile vile. Andika jumla, kisha uilinganishe na ile ya Mombasa. Mwalimu wenu ataisahihisha. Juma lijalo tutasoma habari za breki: kwa nini mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani, na kwa nini hubadilishwa hata kama hayajapungua. Kwaherini.